Neno la Kumfungulia Shaba

Kila alipofika nyumbani kwake, Mzee Keti alifungua kufuli, akausukuma mlango, kisha akasogea hatua moja kushoto kama mtu anayempisha mwenzake atangulie. Macho hayakuona aliyepita. Masikio yake yalisikia miguu minne ikikanyaga sakafu, taratibu, bila haraka, ikielekea pembeni mwa kitanda. Hapo ndipo naye aliingia, akaufunga mlango polepole, kwa uangalifu wa mtu anayechelea kubana mkia. Majirani walikwisha kuzoea. Mzee ana yake, walisema, na nani asiye na yake.

Jina la Keti hakupewa na baba yake, alipewa na kazi. Alifundisha mbwa miaka thelathini na sita, na neno lililomtoka kinywani kuliko hata salamu lilikuwa hilo. Watani wake walisema mgeni akibisha hodi kwa Keti hukaa chini kabla hajakaribishwa, na kwamba marehemu mkewe ndiye kiumbe pekee aliyewahi kuambiwa keti akasimama.

Kazi yenyewe aliipata kwa njia ambayo siku hizi imekufa. Alipoajiriwa na kampuni ya ulinzi alikabidhiwa kwa mwalimu mmoja mzee, mtu mwenye sikio moja na robo, ambaye kwa miezi minane hakumruhusu kushika kamba. Aliosha mabakuli. Alifagia vibanda. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akatazama mbwa wanavyolala, wanavyoamka, sikio gani linatangulia kugeuka. "Ukishajua mbwa anataka nini kabla yeye mwenyewe hajajua," mwalimu alimwambia, "ndipo nitakupa kamba." Leo mtu hutazama video dakika kumi kwenye simu, akanunua filimbi, akajiita mtaalamu. Mbwa asipoketi, hulaumiwa mbwa.

Mwalimu yule alimfundisha kwamba amri husemwa mara moja. Anayesema keti, keti, keti, anamfundisha mbwa kungoja ya tatu. Alimfundisha kwamba kipande cha ini lazima kifike mdomoni upesi, kabla mbwa hajasahau alichofanya, maana mbwa husahau kama mheshimiwa baada ya kura. Na somo liishe mbwa akiwa ameshinda, hata kama ameshinda kidogo tu. Hayo yote Keti aliyapenda. Lakini lililomkaa moyoni kuliko yote lilikuwa la neno.

Mbwa wa lindo akishaambiwa "baki," hubaki. Haondolewi na chakula, wala na jina lake, wala na sauti ya bwana wake akimwita njoo. Huondoka kwa neno moja tu, la kumfungulia, na neno hilo kila mwalimu alilichagua mwenyewe, akamfundisha mbwa wake faraghani, na hakumwambia mtu. Mwizi akilijua neno, mbwa si mbwa tena, ni zulia. Walimu waliozeshana watoto, wakauguzana, wakazikana, bila kuambiana maneno yao. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya kazi. Keti alilichagua lake siku alipokabidhiwa mbwa wake wa kwanza, dume la rangi ya shaba ambaye hawakuhangaika kumtafutia jina jingine. Zamu zao ziliisha alfajiri. Neno lake lilikuwa "kumekucha."

Tangu mwaka wa moto hakulitamka tena. Mkewe aligundua mapema, akanyamaza, kama wake wa zamani walivyojua kunyamaza. Kulipopambazuka Keti alisema jua limetoka, au asubuhi imefika, au watu wameamka. Alilizunguka neno lile kama mtu anavyolizunguka shimo lililo katikati ya njia yake ya kila siku.

Kampuni ilipobadilisha wamiliki, kamera zilichukua nafasi ya mbwa. Ukuta ukapata macho ya kioo, ila pua haukupata. Keti aliagwa kwa hotuba fupi na saa ya ukutani, na baada ya hapo aliishi kwa kufundisha mbwa wa nyumba za watu: keti, lala, toa mkono, zunguka. Kazi moja tu aliiacha njiani. Bwana mmoja alitaka mbwa wake akielekezewa kidole aanguke ajifanye amekufa, alale hivyo mpaka aambiwe afufuke, ili wageni wapige picha. Keti alimtazama mbwa yule amelala kwenye zulia, jicho moja limefunguka, anangoja ruhusa ya kuwa hai. Alikunja kamba yake akaaga. "Mzee, ni mchezo tu," yule bwana alimwambia. "Najua," Keti alijibu, na hakurudi.

Basi Keti alikuwa na dada. Mkubwa kwake kwa miaka minne, muuguzi mstaafu, macho yamefifia, ulimi haujafifia. Aliishi katika chumba kimoja kati ya vinne vilivyozunguka ua wa sementi. Ua ulikuwa na bomba la maji pembeni, kamba mbili za kuanikia nguo, na geti la bati lililofungukia barabara kubwa. Mwenzake humo chumbani alikuwa Soksi, jike dogo jeusi lenye mguu mmoja mweupe, ambaye mchota maji alimwokota mtaroni akamletea. Soksi ndiye aliyemwambia mlangoni kuna mtu. Soksi ndiye aliyejilaza kwenye kizingiti mahali ambapo ndoo imeachwa, ili bibi asijikwae. Kwa mtu anayeona ukungu mtupu, kiumbe kama huyo si wa kuchezea, ni fimbo na taa.

Ila geti likifunguliwa, Soksi alitoka kama mshale. Alizifuata pikipiki kana kwamba zimemwibia mtoto. Alikwisha kugongwa mara moja, akachechemea mwezi mzima, na hakujifunza chochote.

Dada akapiga simu.

"Keti."

"Naam, dada."

"Umefundisha mbwa wa matajiri kusalimiana kwa mkono. Wa dada yako anataka kufia barabarani. Uje."

"Nitakuja wiki ijayo, nikijaliwa."

"Wiki ijayo utakuja kuzika."

Alifika siku hiyo hiyo, mfuko wa vipande vya ini la kuchemsha ndani ya koti. Alichuchumaa katikati ya ua, akamwonyesha Soksi kipande kimoja juu ya pua, akakirudisha nyuma taratibu kuelekea masikioni. Kichwa kikapanda, makalio yakashuka, maana ndivyo mwili ulivyoumbwa. "Keti," alisema, mara moja, na ini likawa limeshaingia mdomoni. Mara ya tano Soksi aliketi kabla ya kuambiwa.

"Sasa tumekuwa na Keti wawili," dada alisema kutoka kwenye kiti chake. "Huyu mwenye mkia angalau ananisikiliza."

Wiki mbili alikwenda kila asubuhi. Soksi alikuwa na akili ya mtoto wa mitaani. Alijifunza kulala, kufuata, kurudi akiitwa njoo. Alijifunza kutoa mkono, kisha kuzunguka, na siku alipozunguka mara mbili mfululizo akaanguka kwa kizunguzungu, dada alicheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa muda mrefu Keti hajamsikia akicheka hivyo. Lakini jambo moja lilimtia baridi. Katikati ya somo Soksi alikuwa akigeuza kichwa na kuangalia pale kwenye bomba, mahali patupu, masikio yamesimama, mkia umeshuka kidogo, kama mbwa mdogo anavyomwangalia mbwa mkubwa aliyeketi. Keti alipoangalia aliona bomba linadondoka. Pua yake ilipata harufu ya sponji lililoungua. Kisha ikapotea.

"Na kubaki?" dada aliuliza.

"Huyu ni wa njoo tu. Akiitwa atarudi. Inamtosha."

"Keti."

"Dada."

"Nimekuuliza moja, umenijibu jingine. Ulikuwa hivyo hivyo utotoni. Anaulizwa nani kavunja chungu, anasema mvua itanyesha."

Alijifanya anahesabu vipande vya ini.

Alhamisi ya wiki ya pili muuza maziwa alipiga honi nje, mpangaji mmoja akafungua geti, na Soksi akachomoka. Keti alikuwa hatua kumi nyuma. "Njoo," aliita, kwa sauti ile ile safi ya kazini. Soksi alisikia. Alisimama katikati ya barabara, akageuka, akaanza kurudi kama alivyofundishwa, na kule kurudi ndiko kulikomweka mbele ya pikipiki ya pili. Dereva alipinda, akaserereka, akaenda chini pamoja na kikapu cha mayai. Hakuumia zaidi ya goti. Soksi hakuguswa. Lakini Keti alibaki amesimama na mkono hewani, akijua kabisa kwamba angemfundisha kubaki, mbwa asingekuwa hata amefika getini.

Mama mwenye nyumba alitoka akafuta mikono kwenye kanga yake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka.

"Mama muuguzi, mimi nakuheshimu," alimwambia dada. "Ulinizalisha wanangu wawili. Ila leo ni goti, kesho ni kichwa. Jumamosi ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, nitafungua hilo geti mwenyewe. Akivuka mstari wa sementi, siku hiyo hiyo anaondoka. Shemeji yangu ana shamba, anatafuta mbwa wa kufunga mnyororo."

 Dada alitafuta kichwa cha Soksi kwa mkono, akakipata, na mkono ukakaa hapo. Keti, aliyezoea ulimi wa dada yake maisha yote, aliogopa kimya kile kuliko angeogopa matusi.

Mchana huo huo alianza. Alimketisha Soksi karibu na geti, akamwonyesha kiganja kilicho wazi, akasema, "Baki." Neno lilimtoka kama jino. Alirudi nyuma hatua moja, akamrudia, akampa ini. Hatua tatu. Hatua tano. Ndivyo inavyojengwa, kama ukuta, tofali juu ya tofali, na anayeruka safu huangukiwa. Soksi alibaki. Tatizo halikuwa Soksi. Hatua inayofuata ilikuwa mwalimu apotee machoni, azunguke nyuma ya ukuta wa bafu, mbwa abaki peke yake na imani yake. Keti alifika kwenye kona ya ukuta, akaweka mguu upande wa pili, na nyuma yake akasikia kitu kinahema. Pumzi nzito, ya mnyama mkubwa, kwenye joto. Aligeuka mbio. Soksi alikuwa ameketi pale pale, anamshangaa.

Mara sita alijaribu, mara sita akarudi mbio.

Kulikuwa na kikwazo kingine. Neno la kufungulia alilokuwa akitumia lilikuwa "haya," na kwenye ua wa wapangaji wanne hakuna neno linalosemwa zaidi. Haya lete sabuni. Haya tutaonana. Kila aliposikia, Soksi aliinuka akaenda zake. Jumapili muuza maziwa alipopokea vyombo vyake akasema haya mama, kwaheri, na Soksi akatoka naye mpaka barabarani.

"Mpe neno lisilosemwa ovyo," dada alisema. "Mpe lako lile la zamani."

"Sina la zamani."

"Unalo. Kaa hapa."

"Dada, muda wenyewe mfupi."

"Keti," alisema, na kwa mara ya kwanza halikuwa jina. Aliketi.

"Siku ile ya kiwanda cha magodoro," dada alisema, "mimi nilikuwa zamu wodini. Unajua?"

Alijua, na alikuwa ameishi miaka thelathini na mmoja akiomba asikumbushwe.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatano, na wiki hiyo walikuwa zamu ya mchana. Meneja alitaka picha ya mwalimu bora wa mbwa itundikwe ofisini, na studio ya picha ilikuwa mitaa miwili tu kutoka kiwandani walikolinda. Keti alinyosha shati, akamweka Shaba mlangoni mwa ghala, akamwambia baki. Mwenzake wa zamu, mtu mrefu waliyemwita Ngazi, alimfuata mpaka getini. "Niachie neno basi, ndugu yangu. Saa nzima utakuwa huko." Keti alicheka. "Neno la mbwa ni kama mswaki. Haliazimwi." Wakacheka wote wawili, maana ulikuwa utani mzuri na ilikuwa asubuhi nzuri.

Studioni mpiga picha aliuliza, "Na mbwa mwenyewe?" "Yuko kazini," Keti alijibu, na alijisikia fahari kusema hivyo. Picha ya kwanza ikapigwa. Dirishani aliona moshi mweusi juu ya mapaa, akadhani mtu anachoma takataka. Kisha akaomba apigwe ya pili, na kofia.

Cheche za fundi wa kuchomelea ziliangukia magodoro. Sponji haliungui kama kuni, huungua kama mafuta. Watu wote walitoka. Shaba hakutoka. Walimwita kwa jina, walimrushia nyama, walimrushia mawe. Ngazi aliingia kwenye moshi akamshika ukosi, na Shaba, ambaye kazi yake ilikuwa kumng'ata yeyote anayemgusa akiwa lindoni, alimng'ata. Alikuwa anatazama geti tu, walisema baadaye. Moshi ulipomfunika alikuwa bado anatazama geti.

Keti alifika paa likiwa limeshaanguka. Alikuwa na shati lililonyoshwa na neno mdomoni, na hapakuwa na wa kuambiwa. Wiki iliyofuata meneja aliwakusanya. "Hiyo ndiyo nidhamu," alisema, akamkabidhi cheti, na kampuni ikaagiza mbwa watano wa namna ile. Keti aliomba kubaki na masomo ya mwanzo tu, akawaachia wengine yale ya lindo. Picha yenye kofia ilitundikwa ofisini miaka kumi na tisa. Siku ya kustaafu alipewa, akaitundika kwake mbele ya kitanda. Mtu yule kwenye picha anatabasamu. Ukihesabu dakika, anatabasamu huku Ngazi anaita.

"Mwenzako aliletwa kwangu," dada aliendelea. "Mkono umechanika mpaka kwenye mfupa. Nikamshona. Hakuuliza kama mkono utapona. Aliniambia, sista, nimesema maneno yote ninayoyajua. Nimesema twende, nimesema basi, nimesema amani, nimesema jina la mke wake. Wewe ni dada yake wa tumbo moja, neno lilikuwa nini?"

Bomba lilidondoka. Soksi alikuwa ameinua kichwa.

"Nikamwambia sijui. Akanitazama kama mtu aliyedanganywa. Nilitamani kukuuliza, miaka yote hii. Nikasema acha, kidonda cha mtu hakifunguliwi na asiyeombwa. Sasa mimi nimezeeka, na mbwa huyu akienda kufungwa mnyororo, nitabaki na kuta. Nakuomba. Neno lilikuwa nini?"

 Katika walimu wote Keti aliowajua, hakuna aliyewahi kulitoa lake. Walikufa nalo, na watu wakasema wamekufa kiume. Yeye mwenyewe angekufa nalo, angezikwa nalo, na Shaba angeendelea kutazama geti.

"Kumekucha," alisema.

Sauti ilikuwa ya mtu aliyemeza vumbi. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali juu ya bati.

"Ni hilo tu," dada alisema taratibu. "Bila shaka Ngazi mwenyewe alilisema kila alfajiri mkitoka zamu. Siku ile tu halikumjia."

Hapo ndipo Keti aliposikia. Kutoka upande wa bomba, miguu minne iliinuka kutoka kwenye sementi, kwa uzito wa mbwa aliyeketi muda mrefu mpaka viungo vimekauka. Soksi aliruka pembeni, akajibana kwenye ukuta, kama wadogo wanavyopisha wakubwa. Miguu ilipita mbele ya kiti cha dada, ikapita mbele ya Keti karibu kiasi kwamba suruali yake ilipata joto, ikaelekea getini. Kamba ya kuanikia nguo ilitikisika mahali pamoja. Kisha hapakuwa na kitu. Soksi alisogea pale bomba linapodondokea, akanusa kwa muda mrefu, akarudi akalala.

"Umesikia?" Keti aliuliza.

"Mimi sioni, mdogo wangu. Sijasema sisikii."

Hawakulizungumza tena.

Siku tano zilizobaki alifanya kazi kama alivyofanya ujanani. Baki, hatua kumi. Baki, nyuma ya ukuta wa bafu. Mara ya kwanza alipopotea machoni alihesabu mpaka ishirini, meno yameumana, na hakusikia pumzi yoyote. Alirudi, Soksi yupo. "Kumekucha," alisema, na mbwa mdogo akaruka juu kwa furaha kana kwamba ameachiwa dunia nzima. Kisha akafanya jambo ambalo lingemfanya mwalimu wake wa zamani amnyang'anye kamba. Aliwaita wapangaji wote, na mama mwenye nyumba, na mchota maji, na muuza maziwa, akawapanga kwenye ua akawaambia neno.

"Ndiyo siri yenyewe?" muuza maziwa aliuliza. "Mzee, mimi nilidhani litakuwa la kiaskari."

"Lijue. Siku nyumba ikiwaka na mimi sipo, liseme."

"Nyumba haitawaka, mzee."

"Nimekuambia lijue."

Wakalirudia, mmoja mmoja, kama watoto wa darasa la kwanza, na kila mmoja akajaribiwa mpaka Soksi akamkubali.

Jumamosi, saa nne, mama mwenye nyumba alilifungua geti lote, mabawa yote mawili. Dada alikuwa kwenye kiti chake, mikono imeshikana. "Baki," Keti alisema, mara moja, akatoka yeye nje ya geti, akavuka barabara, akasimama nyuma ya lori lililoegeshwa mahali ambapo Soksi hawezi kumwona. Pikipiki ilipita. Ikapita ya pili, ina kuku. Mtu alipiga honi. Soksi alitetemeka mwili mzima, miguu ya mbele ikikanyagana, udenda unadondoka, macho kwenye geti. Keti alimchungulia chini ya lori, kati ya magurudumu, na alichokiona kilikuwa mbwa anayetazama geti. 

Mama mwenye nyumba alingoja mpaka ya tatu ilipopita. Kisha akainama, mikono magotini, akamwangalia Soksi usoni.

"Kumekucha, mwanangu," alisema. "Nenda kwa mama yako."

Soksi aligeuka akamkimbilia dada, akampanda mapajani kwa miguu yote minne, na kiti nusura kipinduke.

"Atabaki," mama mwenye nyumba alisema, akafunga geti. "Mbwa kashinda. Mayai ya yule kijana lakini nani atayalipa, hilo mtalijua wenyewe."

Dada alimfinya mdogo wake shavu kwa vidole vya kiuguzi, kwa nguvu, kama zamani. Baadaye alimpa kipande cha ini kutoka mfukoni mwake mwenyewe, akidhani ni Soksi, au akijifanya anadhani hivyo.

Keti alirudi nyumbani mchana kabla jua halijapinda. Kwenye ule ua, tangu siku hiyo, watu wakipishana mlangoni mchana kweupe huambiana kumekucha na kucheka, na mgeni hawaelewi.

Alifungua kufuli. Akausukuma mlango. Akasogea hatua moja kushoto.

Alingoja muda wa pumzi mbili. Akangoja za ziada. Sakafu ilikuwa kimya, kitanda mahali pake, picha yenye kofia ikitabasamu ukutani. Jirani aliyekuwa akianika mashuka alimwona mzee amesimama pembeni mwa mlango wake mwenyewe, mkono umenyooshwa kidogo kuelekea ndani, kama anayesema tangulia. Alisimama hivyo mpaka mwanga wa jua ulipoingia peke yake, ukavuka sakafu, ukafika pembeni mwa kitanda. Ndipo naye akaingia, na mlango akauacha wazi.